Nimepanga Kila Kitu Isipokuwa Mfuko Mmoja

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Vumbi.

Mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita na volkano haionekani kabisa, imefichwa na ukungu kama mgonjwa aliyejifunika shuka. Nimefagia chumba mara tatu leo. Mara ya tatu hapakuwa na kitu cha kufagia, nilikuwa nasogeza ufagio tu ili mikono isikae bure.

Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama. Naenda kuangalia kama bidoni za maji zimejaa, na najua zimejaa kwa sababu nilizijaza mwenyewe.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu wa mtandaoni (mko wachache, nawashukuru) mnajua kwamba kwa wiki tatu nimekuwa nikiandika hapa jinsi ya kupunguza vitu nyumbani bila kuchoma plastiki na bila kutupa chochote ziwani. Leo sina ushauri. Leo naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitafagia mara ya nne.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilimaliza Egzeta, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na tangu siku hiyo nasubiri matokeo. Wenzangu wanatembeleana, wanapima nguo za sherehe ya diploma ambayo hawajui bado kama wataipata. Mimi sijui kutembelea watu. Wakizidi watatu mdomo wangu unakauka. Kwa hiyo nilichagua kukaa na depo.

Depo ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Murara, mjini Goma. Nyumba ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, na chumba hicho kilikuwa cha dada yangu mkubwa kabla hajaolewa. Alipoondoka, Mama aliweka humo kitu kimoja, halafu kingine. Mama anauza sambaza. Kila alfajiri anashuka Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki hao wadogo, kisha anawapeleka sokoni, na mtu anayepima samaki wadogo namna ile hazoei kutupa. Depo ilijaa vyungio vilivyotoboka, bidoni za njano zilizopasuka, makopo ya maziwa ya unga, magunia, makartoni, nguo za watoto ambao sasa ni watu wazima, na redio isiyo na kitu tumboni. Mama anasema kila kitu kitatumika siku moja. Siku hiyo ilichelewa, na vitu vikafika kwenye mabati.

Nilimwomba ruhusa ya kupanga. Akasema sawa, lakini nisimtupie kitu chake. Nikamjibu kwamba sitatupa kitu hata kimoja. Aliona ni mzaha.

Kumbe nilikuwa namaanisha. Katika mtaa wetu takataka zina njia tatu. Zinachomwa uani, na moshi wa sashe, ile mifuko ya plastiki, unaingia kwa kila jirani. Zinasukumwa ndani ya nyufa za mawe, mahali ambapo macho hayafiki. Au zinateremka na mvua mpaka ziwani, na ziwa ni maji yetu ya kunywa. Nilijiwekea sheria kwamba hakuna kitu kitakachotoka depo kwa njia yoyote kati ya hizo.

Ilikuwa kazi tamu, siwezi kuficha. Bidoni zilizopasuka nilizikata katikati na kuzitoboa chini ili zipandwe lengalenga, mchicha wetu. Lakini hapa kwetu ukichimba unakutana na jiwe, na udongo unauzwa kwa gunia kama unga. Kwa hiyo maganda ya ndizi, majani na majivu kidogo niliyafungia ndani ya magunia ya zamani ya mchele, nikanyunyizia maji, nikangoja yaoze yawe udongo. Nguo nzima nilizifua, tukazipeleka parokiani. Zilizochanika nikazikata, nyingine zikawa vitambaa vya kupangusia, nyingine nikazisokota kamba. Makopo ya maziwa yalipokea vitu vidogo: vifuniko, vifungo, misumari, nyuzi, mishipi ya mikoba iliyokufa. Kila kopo lina jina lake, nimeliandika kwenye kipande cha kartoni.

Karatasi na makartoni yanaingia kwenye beseni kubwa uani. Yanalowa siku mbili, nayaponda, nachanganya na unga wa mbao ninaopewa na seremala, kisha nabana kwa mikono vitofali vya ukubwa wa sabuni na kuvianika. Vikikauka vinawaka vizuri na vinapunguza makala, yale makaa ya kununua. Mara ya kwanza sufuria ya maharagwe ilipochemka kwa vitofali vyangu, Mama aliitazama akanyamaza. Mama akinyamaza namna ile, amesifu.

Mwishowe kilibaki chumba. Chumba kabisa, chenye sakafu na dirisha linaloangalia mparachichi wa jirani. Niliingiza kitanda changu, nikaingiza meza. Nilifunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena, kwa raha tu ya kuwa na mlango.

Nilikuwa nacho kwa saa nne.

Jioni hiyo, Jumapili ya wiki iliyopita, Mama aliingia, akazunguka, akagusa kuta. Akasema Mungu ni mwema, sasa Sifa atapata pa kulala.

Sifa ni mdogo wake Mama, mimi namwita Mama mudogo. Alikuwa na shamba la maharagwe upande wa Rutshuru. Vita vilipofika kwao alishuka Goma, na kwa miezi sita amelala mtaa wa Keshero, sebuleni kwa mama mmoja wanayesali pamoja. Kwetu hapakuwa na nafasi. Nafasi niliitengeneza mimi, kwa mikono yangu, kopo kwa kopo.

Nilijibu, "Ndiyo, Mama."

Hayo tu. Mimi ni mtu wa kusema ndiyo kwa mdomo. Yanayobaki nayaandika.

Na hapa lazima niungame kitu. Kabla ya ukurasa huu, na hata baadaye kwa yale nisiyoweza kuyaweka hapa, nilikuwa naandika kwa penseli kwenye kurasa za mwisho za kaye yangu ya kemia, daftari la shule. Nilianza hivyo kwa sababu karatasi nyeupe ziliniuma kuzitupa. Niliendelea kwa sababu hakuna mtu duniani anayefungua kaye ya kemia kwa nyuma. Usiku ule niliandika upande mzima. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno, maana leo imetembea nami siku nzima:

"Kama ningejua, ningeiacha depo ijae takataka. Afadhali kulala na takataka. Takataka hazisemi, hazicheki kwa sauti, na hazikai milele."

Jumamosi iliyofuata zilikuwa zimebaki kaye tu. Za miaka sita, rundo linalonifika kiunoni. Mama alitaka kuwashia moto. Mimi nilikuwa na wazo bora zaidi. Kwenye kona ya barabara yetu kuna Mama Olive anayekaanga mandazi, na alikuwa anayafunga kwa sashe nyeusi, zile zinazoishia kwenye nyufa. Nilifanya mazoezi ya sentensi moja njia nzima, nikaisema bila kupumua. Alinisikiliza, akapima kaye moja mkononi.

"Sasa watu watasema Mama Olive amemaliza hata sashe, biashara imekufa."

Lakini alizichukua, akanipa mandazi manne. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mkubwa. Niliandika hapahapa kwamba kaye za miaka iliyopita zinaweza kupata kazi ya pili. Mmoja wenu aliniandikia "bravo."

Sikuchambua kaye ya kemia. Nilichambua vifungo, rangi kwa rangi. Kaye yangu sikuifungua.

Mama mudogo alifika Jumanne na mfuko mmoja wenye zipu, sufuria moja na mbegu za maharagwe zilizofungwa kwenye kitambaa. Kicheko chake kilifika kabla yake, tulikisikia kutoka barabarani. Anasema na kila mtu, anasema na kuku wa jirani, na akilala anaendelea kusema. Alipoona magunia yangu ya maganda aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa.

"Huu bado, mama. Unanuka ndizi. Udongo ukiiva unanuka mvua."

Nilijibu ndiyo, Mama mudogo. Aliweka mfuko wake chini, ndani ya mlango wa chumba, akaenda kumsaidia Mama kuosha sambaza.

Leo asubuhi, sasa.

Mama alikuwa ameshashuka Kituku. Nilienda kununua mandazi ya chai. Mama Olive alinipa matatu ndani ya karatasi, na nilipopokea nikaona penseli. Haukuwa wino. Ilikuwa penseli, na mwandiko wangu umelala kama kawaida yake, na mafuta yameifanya karatasi ionyeshe mpaka upande wa pili. "Leo nimepanga makopo, nimefurahi sana peke yangu."

Mandazi yalikuwa ya moto. Niliyashika hivyohivyo.

Nilimwuliza kaye ya kijani, ile ya kemia, iko wapi. Alinionyesha kwa kidole. Jalada lilikuwa limelala kando ya jiko, pini zimeshang'olewa.

"Za nyuma njo nilianza nazo leo," alisema. "Ziko na penseli tu. Wino ya Bic inashika kwa mandazi, wateja wanalalamika."

Nilichukua zilizobaki na kuzihesabu nimesimama. Karatasi zangu zilikuwa tisa. Sita zilikuwa bado hapo, moja nilikuwa nayo mkononi. Mbili hazikuwepo, na mojawapo ni ile.

Nilimwuliza kama amezisoma. Sijui nilipata wapi sauti.

"Mutoto, mbele yangu kuna mafuta ya moto. Nisome saa ngapi?" Akageuza andazi, kisha lingine. Bila kuniangalia akaongeza: "Lakini unaandika muzuri. Ile ya kufunga na kufungua mulango ilinichekesha."

Nilitamani jiwe linimeze. Kabla yangu, alisema, walikuja watu wawili tu. Mmoja ni fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara. Karatasi yake niliiona kwa macho, iko chini ya goti lake, imeloa oili. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nasubiri kengele ili nisiulize swali, nilivuka barabara.

"Fundi, samahani. Naomba hiyo karatasi."

"Karatasi ya mandazi?" Aliniangalia toka juu mpaka chini. "Dada, njaa imefika hapo?"

Wenzake wawili walicheka mpaka spana ikaanguka. Alinipa. Ilikuwa inasema habari za bidoni na lengalenga. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, na bado nilisoma pande zote mbili, palepale mbele yao.

Mama Olive aliniita kutoka upande wake. "Ile ingine alibeba ule mama wenu mugeni, wa kicheko. Alisindikiza mama yako kwa barabara, akanunua mbili, akakula amesimama. Akaenda na karatasi kwa mukono."

Mama mudogo anajua kusoma. Anasoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini anasoma. Jumanne jioni alisoma majina ya makopo yangu yote kwa sauti na kuyapongeza moja moja.

Nilirudi nyumbani na mandazi yaliyopoa.

Mama mudogo alikuwa uani, anawamwagia kuku wa jirani maganda ambayo mimi nilikuwa nimeyatengea gunia. Alinisalimia kama kila siku, akacheka kitu fulani kuhusu vumbi kichwani mwangu. Nilikisikiliza kile kicheko kama watu watakavyosikiliza orodha ya matokeo. Kilikuwa kifupi kuliko cha jana? Sikuweza kujua.

Alipoenda msalani niliingia chumbani. Mfuko wake ulikuwa palepale, ndani ya mlango. Niliinama. Niliweka vidole kwenye zipu.

Nikavitoa.

Kuna mambo mtu anaweza kuyafanya, halafu asiweze tena kukaa na nafsi yake chumba kimoja, na mimi chumba nina kimoja.

Nilitafuta kwingine. Kwenye nyumba nyingine ningepekua jaa. Hapa kwetu hakuna jaa, nimelifuta mimi. Hapa karatasi zote zinaenda kwenye beseni. Nilikunja mikono ya blauzi nikaingiza yote miwili ndani ya uji ule wa kijivu. Nilipata kipande cha kartoni ya sabuni. Nilipata nusu ya neno, "kem", ambalo lingeweza kuwa kemia au chochote. Kila nilichokishika kiliniyeyukia vidoleni. Kanuni yangu inafanya kazi vizuri sana, nawaambia. Haibakizi kitu.

"Umeangusha pete ya ndoa?"

Mama mudogo alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nilimwambia naangalia kama karatasi imelowa. Alichuchumaa upande wa pili wa beseni, akakunja mikono yake pia, akasema basi tubane, jua liko kali, vitakauka.

Tukabana. Kwa dakika ngapi sijui. Mikono yake ni mikubwa, kitofali chake kinatoka mara moja kimenyooka, changu kinatoka kimepinda. Alikuwa anasema habari za mtu wa Rutshuru aliyekuwa na mbuzi anayekula sabuni. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake tu na kufikiri kwamba huenda saa hii hii anabana maneno yangu, anayakamua maji, na keshokutwa atayachoma chini ya maharagwe yake mwenyewe.

Nilimwuliza. Sauti ilitoka ndogo. Nilimwuliza ile karatasi ya mandazi ya asubuhi iko wapi.

"Ile? Nilifuta mikono, nikaitupa humu. Si ulisema karatasi yote inaenda kwa beseni?"

"Hukuisoma?"

"Niliona ni penseli ya shule, nikasema ni masomo." Alinyanyua macho. "Iliandikwa nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa. Karatasi imeyeyuka. Hakuna aliyeiona isipokuwa labda Mama Olive, na Mama Olive ana mafuta mbele yake. Nilikuwa na jibu la neno moja, na hata halikuwa uongo kamili, maana kaye ilikuwa ya kemia. Ningesema kemia, angecheka, angerudi kwa mbuzi wake.

Lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo nyingi mno. Kila ndiyo imekaa ndani yangu kama kitu cha depo.

Nikamwambia. Sikusema "niliandika kitu kibaya." Niliisema sentensi yenyewe, yote, mpaka kwenye milele. Niliisema nikiangalia beseni.

Hakucheka.

Alimaliza kitofali kilichokuwa mkononi. Alikizungusha kona zote nne, akakiweka kwenye mstari na vingine. Alinawa. Kuku alipokuja, alimfukuza kwa mguu, yeye aliyekuwa anasema na kuku.

"Takataka hazisemi," alisema mwishowe. "Ni kweli. Mimi nasema."

Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono uliolowa.

"Ngoja. Kule Keshero yule mama alinipokea vizuri, siwezi kumutukana. Kila siku aliniambia jisikie kwako. Lakini mufuko wangu ulikaa kwa mulango wa saloni nilimolala, kila anayepita anauruka. Watoto wanauruka, wageni wanauruka. Siku moja nikajiona mimi pia ninauruka." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Weye umeandika. Yule hakuandika. Sasa nionyeshe. Hapa kwenu mufuko wangu unakaa wapi?"

Niligeuka kuangalia chumba kupitia mlango.

Niliona kopo la vifuniko. Niliona kopo la nyuzi. Ubao wa chini wa rafu yangu una magunia yaliyokunjwa, ubao wa kati una vyungio vya Mama nilivyovishona, ubao wa juu una vitabu vyangu vimepangwa kwa urefu. Mishipi ya mikoba iliyokufa ina mahali pake. Redio isiyo na kitu tumboni ina mahali pake.

Mfuko wake ulikuwa ndani ya mlango, chini. Tangu Jumanne. Leo peke yake, kwa ufagio na bila ufagio, nimeuruka mara ngapi?

Safari hii hata ndiyo haikutoka.

"Unataka niondoke?" aliniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Nilimwambia sijui. Nilimwambia nataka chumba, nimekitaka tangu nikiwa mdogo, na sitaki aondoke. Nilimwambia yote mawili ni kweli na sijui jinsi ya kuyapanga. Nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mzima kwa mara moja.

Alisimama akakung'uta kitenge chake.

"Basi leta nyundo," alisema.

Hatuna nyundo, tulitumia jiwe. Misumari ilikuwa kwenye kopo lake, angalau hilo lilinisaidia. Alitaka kujua kitanda changu kinaanzia wapi na kinaishia wapi, akapima kwa hatua. Tukafunga kamba niliyoisokota kwa nguo chakavu kutoka ukuta hadi ukuta. Alifungua mfuko wake kidogo tu, akatoa kitenge kimoja cha kijani chenye ndege, akakitundika juu ya kamba. Chumba kikawa viwili. Upande wa dirisha alinipa mimi. Nilikataa, akasema yeye anaamka kabla ya jua, dirisha atalifanyia nini.

"Mulango wako ndio huu," alisema, akikivuta kitenge kushoto, kisha kulia. "Unaweza kufunga na kufungua."

Sijui kama Mama Olive alimsimulia maneno yangu ya mlango asubuhi ya leo. Sikuuliza.

Mimi niliondoa vitabu vyangu kwenye ubao wa juu, nikaviweka chini ya kitanda. Redio nimeitoa kabisa, kesho nitampelekea fundi anayenunua maganda ya redio. Upande wake nilipigilia misumari miwili kwa jiwe, nikajigonga kidole. Kisha niliinua mfuko kutoka mlangoni na kuuweka juu ya ubao. Ulikuwa mwepesi sana. Sikutegemea uwe mwepesi vile, na ndicho kitu kilichoniliza leo, huko nyuma ya kitenge.

Mama alirudi saa tisa, ananuka sambaza. Alisimama akaangalia kamba, kitenge, kitabu kilichochungulia chini ya kitanda.

"Na hii ni nini tena?"

"Mutoto wako anapanga nyumba," Mama mudogo alijibu, akaendelea kuchambua maharagwe. Hakuongeza neno. Yeye, ambaye anaongeza neno kwa kila kitu.

Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na kicheko chake bado sijakisikia tangu beseni. Nyumba ni kimya, ule ukimya nilioutaka wiki iliyopita, na sijui nikae nao wapi.

Kabla ya kuandika haya nilimwendea nikamwuliza kama naweza kuyaweka hapa, mahali ambapo mtu yeyote anasoma. Akasema niandike, lakini niseme kwamba kitenge chake ni kizuri.

Ni kizuri. Ndege wake wana mabawa ya njano, na jua la jioni likipita dirishani wanaonekana hata upande wangu.

Nimechungulia sasa hivi. Mfuko bado umefungwa zipu juu ya ubao. Kwenye msumari wa kwanza ametundika kitambaa chake cha kichwa. Wa pili uko mtupu.

Asubuhi, kabla ya kushika ufagio, nitaangalia msumari wa pili.